Sura ya 6: Betri Ikilala

Ukizungusha ufunguo ukasikia tik-tik-tik ya haraka chini ya boneti, huku taa za dashibodi zikififia na saa ya redio ikirudi sifuri, acha kuzungusha. Gari limeshataja ugonjwa wake. Swichi ya stata inavuta, inaishiwa nguvu, inaachia, kisha inavuta tena. Kila unavyorudia, ndivyo unavyokamua kile kidogo kilichobaki.

Madereva wengi hubishana na betri hapo. "Mbona honi inalia? Mbona redio inaimba?" Redio na taa ya ndani hazifiki hata ampea chache. Stata ya gari dogo la petroli, aina ya Vitz au IST, inataka kati ya ampea 100 na 200 kwa sekunde moja au mbili, na ya dizeli inataka zaidi ya hapo. Betri inaweza kuimba taarabu usiku kucha na bado ishindwe kugeuza injini asubuhi.

Lakini si kila gari lisilowaka lina betri iliyolala, na kubusti (kuwasha kwa umeme wa gari jingine) gari lenye ugonjwa mwingine ni kupoteza muda wako na wa aliyekusaidia. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zikabaki na mwanga wake uleule, shuku stata yenyewe. Injini ikizunguka vizuri, kwa kasi yake ya kila siku, ila haishiki, tafuta kwenye mafuta au plagi. Betri haina kosa. Kusipotokea chochote kwenye gari la otomatiki, hakikisha kwanza gia iko kwenye P. Kisha fungua boneti, shika vibanio vya betri kwa mkono, na uvitikise. Kibanio kikizunguka kwenye taminali, au kikiwa kimefunikwa na unga mweupe au wa kijani, huenda dawa yako ni spana namba 10 tu. Kaza, jaribu tena. Mafundi wengi wamelipwa fedha nzuri kwa kukaza nati hiyo moja.

Tuseme umekaza na tik-tik inaendelea. Sasa watu watakuwa wameshakusanyika, maana gari lililogoma katika miji yetu halikosi washauri. Bodaboda ataegesha pembeni. Mlinzi wa maegesho atasogea. Atatokea kijana mwenye waya, na utamsikia: "Dada, usiwe na wasi, leta ile gari hapa, dakika mbili tu." Dakika mbili zinatosha kweli. Zinatosha pia kuchoma kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, na mara chache, lakini mara zinazokumbukwa, zinatosha kuipasua betri usoni mwa aliyeinama juu yake. Ukijua mambo mawili, kwamba betri inatoa hewa inayolipuka na kwamba bodi nzima ya gari ni sehemu ya waya, mpangilio wote wa kubusti utaupata mwenyewe bila kukariri.

Tuanze na hewa. Betri ya gari haijabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza ya kwanza ya aina yake mwaka 1859: mabamba ya risasi ndani ya maji yenye asidi ya salfuriki, ile tunayoiita tindikali. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kitu. Ikijaa na kutulia inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu. Ikishuka chini ya 12 haina kitu cha kutegemea, ingawa kwa macho 12.6 na 11.9 zinaonekana ndugu. Mita ndogo ya kupimia umeme inauzwa kwa bei isiyomtisha mwenye gari, na kwa maoni yangu ina faida zaidi kwenye boksi la dashibodi kuliko manukato yanayoning'inia kwenye kioo.

Betri inapochajiwa, hasa ikikaribia kujaa au ikisukumiwa umeme kwa nguvu, sehemu ya maji yake huvunjika na kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna wa kukuonya. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa inawaka, na cheche inayohitajika ni ndogo kuliko ile ya nguo ya nailoni ikivuliwa gizani. Betri iliyolala, iliyoanza kumiminiwa umeme kutoka gari jingine, inatoa hewa hiyo kupitia matundu ya vifuniko. Cheche ikitokea juu yake, ganda la plastiki linapasuka na tindikali inaruka. Vipande hivyo havichagui pa kwenda, lakini aliyeinama ndiye aliye karibu.

Ndiyo maana sigara haina nafasi hapa, wala kiberiti cha "hebu nimulike nione". Mulika kwa simu. Vaa miwani yoyote uliyonayo, hata ya jua. Vua pete, saa na bangili: spana ikigusa taminali ya chanya huku pete yako ikigusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye pete, nayo inaiva kabla hujavuta mkono. Na tindikali ikiingia jichoni, dawa ni maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Usikubali mtu alete maziwa, wala magadi. Magadi yanafaa kwenye chuma: yayeyushe kwenye maji ya moto, mwagia ule unga wa taminali, yatachemka na kuutafuna, kisha suuza. Hiyo ni kazi ya chuma, si ya jicho.

Kuna betri ambazo hazibustiwi kabisa. Iliyovimba mbavu, iliyopasuka, inayovuja, au inayonuka kama yai viza: hizo ziache zilivyo na utafute betri nyingine. Msomaji aliyeko Minneapolis au Toronto aongeze moja ambayo sisi wa pwani hatuijui: iliyoganda. Betri iliyojaa haigandi kirahisi, lakini iliyolala maji yake yamekaribia kuwa maji matupu, na inaweza kuganda kwenye baridi ya nyuzi kama 10 chini ya sifuri. Kuibusti ikiwa barafu ni kuialika ipasuke. Iingizwe ndani kwanza, iyeyuke, ikaguliwe.

Jambo la pili ni bodi. Katika karibu magari yote ya leo, upande wa hasi wa betri umefungwa kwa waya mfupi kwenye bodi na kwenye injini. Mafundi huuita athi. Taa ya nyuma haihitaji waya wa kurudi hadi mbele. Umeme unarudi kwa kupitia chuma cha gari. Kwa hiyo ukisimama mbele ya boneti iliyo wazi, karibu kila chuma unachokiona ni hasi: injini, mabano, fenda, hata nguzo ya kushikilia boneti. Chanya ni ile taminali moja na vichache vilivyofunikwa plastiki nyekundu. Kibanio chekundu kilichounganishwa na betri upande mmoja, kikiachwa kining'inie upande wa pili, kina chuma cha hasi kila kinapogeukia.

Na hapa tuongee kuhusu waya zenyewe, maana majaribio mengi yanayoshindwa yanashindwa kwa sababu yake. Pita Gerezani au Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utauziwa seti ya waya nene kama kidole, nyekundu na nyeusi, kwenye mfuko wa zipu. Bonyeza. Mara nyingi unene ni plastiki, na ndani kuna nyuzi chache za shaba, au alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Hesabu yake ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, wenye urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, ukipitisha ampea 150 unapoteza kiasi cha volti 1. Waya wa milimita za mraba 4, urefu uleule, unapoteza karibu volti 4. Umebaki na volti 8 au 9 kwenye stata, na waya unaanza kunuka. Kutaka stata igeuke kwa waya huo ni kama kutaka kuzima moto kwa mrija wa soda. Kwa gari dogo la petroli usishuke chini ya milimita za mraba 16. Kwa dizeli tafuta 25. Kama muuzaji hajui namba hizo, kunja waya: wa shaba halisi ni mzito mkononi, na meno ya kibanio chake yameunganishwa na waya kwa kubanwa sawasawa, hayajashikizwa kwa kona moja tu.

Sasa unganisha. Leta gari la msaada karibu kiasi cha waya kufika, lakini magari yasigusane, kwa sababu bodi zikigusana umeshaunganisha hasi kwa hasi bila kutaka. Zima injini zote mbili. Handibreki juu, gia kwenye P au huru. Zima taa, AC, redio, na uchomoe chaja za simu.

Kabla ya kushika kibanio chochote, tambua chanya ni ipi kwa alama iliyo kwenye betri yenyewe, ile + iliyogongwa kwenye plastiki. Usiamini rangi ya waya za gari. Magari yetu yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na fundi aliyeishiwa waya mwekundu mwaka juzi alifunga mweusi, akaondoka. Alama ikiwa imefutika, angalia taminali: ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi.

Kibanio chekundu cha kwanza kinakwenda chanya ya betri iliyolala. Cha pili chekundu, chanya ya betri nzima. Kibanio cheusi cha kwanza, hasi ya betri nzima. Cheusi cha mwisho hakiendi kwenye betri iliyolala. Kinakwenda kwenye injini ya gari lililolala, kwenye chuma kitupu kisicho na rangi, mbali na betri kadiri waya unavyofika: boliti nene ya injini, au mabano ya kuinulia injini.

Kibanio hicho cha mwisho ndicho kinachobishaniwa kuliko vyote. Kijana mwenye waya atakuambia, "Dada, funga tu kwenye hasi, ni kitu kilekile." Kwa umeme ni kilekile kweli, maana hasi na injini vimeungana. Tofauti ni cheche. Muunganiko wa mwisho ndio unaokamilisha njia ya umeme, kwa hiyo ndio unaotoa cheche, kila mara, uwe fundi au mgeni. Ukiufanya juu ya betri, cheche inazaliwa pale hewa inapotokea. Ukiufanya kwenye boliti ya injini, inazaliwa mahali pasipo na hewa hiyo. Kwa nini chekundu kianze? Kwa sababu ukianza na cheusi, magari yote mawili yanakuwa athi moja, na chekundu chako kikiponyoka kikagusa chuma chochote cha gari lolote, umepiga shoti ya betri nzima. Na kwa nini chekundu kianzie kwenye betri iliyolala? Ili ncha inayobaki mkononi isiwe imetoka kwenye betri yenye nguvu.

Baada ya hapo, washa gari la msaada na uliache lingurume kidogo juu ya mwendo wake wa kawaida. Vitabu vya Toyota vinasema kama dakika 5. Watu hawana subira hiyo, na wanakosea: dakika hizo ndizo zinazojaza betri iliyolala kiasi cha kusaidiana na waya, badala ya waya kubeba mzigo peke yake. Zikiisha, jaribu kuwasha gari lililolala. Usishike ufunguo zaidi ya sekunde 10. Likikataa, pumzika dakika moja, kagua vibanio, vizungushe kidogo vitafune uchafu, ujaribu tena. Likikataa mara tatu, acha. Huko unakokwenda ni kuunguza stata.

Likiwaka, usikimbilie kuchomoa. Liache kidogo, washa feni ya AC ya gari lililokuwa limelala ili iipe altaneta kazi ya kufanya, kisha ondoa kwa kurudi nyuma ulikotoka: cheusi cha kwenye injini, cheusi cha betri nzima, chekundu cha betri nzima, chekundu cha mwisho. Vibanio visigusane mkononi wakati ncha za pili bado zimeshika. Na angalia waya zisiingie kwenye feni au mkanda. Injini sasa inazunguka, na feni ya radieta haikupi taarifa inapoanza.

Hiyo ndiyo kazi nzima. Yanayobaki ni mambo manne yanayowaharibia watu magari hata wakiwa na waya nzuri.

La kwanza ni ukarimu wa lori. Umekwama barabarani kati ya Chalinze na Segera, anasimama dereva wa lori, mtu mwema, anashuka na waya zake. Malori makubwa na mabasi mengi yanatumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Ukiunganisha 24 kwenye gari la 12, unachoma vitu kwa mpangilio wa bei, kuanzia balbu hadi kontroli boksi. Hata baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zilizotumika Japani zina stata ya volti 24, na kwa nje hazina tangazo. Ukiona betri mbili chini ya boneti, uliza kwanza. Kuna fundi atakayekuambia anaweza kuchukua 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inawezekana, akijua ni ipi iliyoungana na athi na asikosee hata kidogo. Mshukuru, mwombe maji ya kunywa, na usubiri gari dogo.

La pili, kugeuza waya, chekundu kwenye hasi. Ukibahatika inaungua fyuzi kuu. Usipobahatika zinaungua daiodi za altaneta, na baada ya hapo gari linawaka leo na kulala kesho, kwa sababu haliijazi betri tena, wala hutajua kwa nini.

La tatu ni magari mapya mapya yanayoingia bandarini. Aqua na Prius nyingi zina betri ndogo ya volti 12 nyuma, kwenye buti au chini ya kiti, mbali na ile kubwa ya kuendeshea. Ndogo hiyo ikilala gari zima linakuwa jiwe. Kwa mengi yao kuna taminali ya kubusti imewekwa mbele, ndani ya boksi la fyuzi, chini ya kifuniko chenye alama ya +. Haliombi nguvu nyingi, kwa kuwa halizungushi injini kwa stata ya kawaida. Lakini lisitumike kubusti wengine: vifaa vyake havikutengenezwa kusukuma ampea 150 kwenda kwenye gari la jirani. BMW na Mercedes nyingi nazo zinaficha betri nyuma na kukuachia taminali mbele. Tumia hiyo, imewekwa kwa kazi hiyohiyo.

La nne linanikera zaidi, kwa sababu linafanywa na watu wanaolipwa. Gari limelala. Fundi anafika na betri nzima mkononi, anafungua yako, anafunga yake, anawasha. Kisha, injini ikiwa inanguruma, anafungua betri yake na kuirudisha yako mahali pake. Hakuna waya, hakuna gari la pili, kazi safi kwa macho. Gari la kabureta la miaka ya 1970 lilivumilia mchezo huo. La sasa lina kompyuta. Altaneta inayosukuma umeme kwenye betri, ukiikatia betri ghafla, haiwezi kupunguza nguvu papo hapo. Volti zake zinaruka kutoka 14 hadi makumi kwa kitambo kifupi, na kitambo hicho kinapita kwenye kontroli boksi, kwenye redio, kwenye kila kitu kilicho na saketi ndogo. Inaweza isife siku hiyo. Ikifa baada ya mwezi, fundi huyohuyo ndiye atakayekuuzia nyingine. Mwambie kwa upole, "Fundi, naomba tutumie waya," na asipotaka, mshukuru kwa kuja.

Kusukuma ni suluhisho la gari la gia za mkono tu. Swichi juu, gia ya pili, klachi chini, vijana wanasukuma, unaachia klachi. Kumbuka kwamba breki na usukani vinakuwa vigumu kwa kuwa injini haijawaka, kwa hiyo usijaribu mteremkoni kuelekea barabara kuu. Otomatiki halisukumwi likawaka. Pampu ya mafuta ya giaboksi inaendeshwa na injini yenyewe, na injini imelala. Jasho la vijana wote wa mtaa halitabadilisha hilo. Kipo pia kile kifaa kidogo cha kubustia chenye betri ya lithiamu, cha ukubwa wa kitabu. Ni kitu kizuri kwa anayesafiri peke yake usiku, mradi usikihifadhi kwenye dashibodi ya gari linaloegeshwa juani. Joto la Dar es Salaam saa nane mchana linakiua, na linaweza kufanya zaidi ya kukiua.

Injini imewaka, umewashukuru watu, umeondoka. Betri bado haijapona. Safari ya Posta hadi Magomeni haiwezi kuirudishia ilichopoteza, hasa kwenye foleni, AC ikiwa inafanya kazi na taa zikiwaka. Altaneta imetengenezwa kulinda betri iliyojaa isipungue. Kuijaza iliyokauka ni mzigo unaoichosha. Endesha nusu saa au zaidi barabara ikiwa nyeupe, na bora zaidi, ipeleke ikachajiwe polepole kwa chaja usiku kucha. Betri iliyoachwa tupu kwa siku kadhaa inaota ugumu kwenye mabamba yake, na sehemu ya uwezo wake hairudi tena.

Kisha tafuta ilikwenda wapi. Piga hesabu: taa kubwa mbili za wati 55 pamoja na ndogo za nyuma zinakula karibu ampea 11, na betri ya NS60, yenye uwezo wa kiasi cha ampea-saa 45, inakwisha kwa saa nne. Ibada ndefu na salamu za baada ya ibada zinatosha. Taa ya buti ya wati 5 itachukua siku nne au tano kufanya kazi hiyohiyo. Kama hakuna kilichosahauliwa, pima injini ikiwa inanguruma: kwenye taminali usome kati ya 13.5 na 14.7. Ukisoma 12 na kitu, altaneta haifanyi kazi, na betri mpya unayotaka kununua nayo italala wiki hii. Ukisoma 14 na betri inalala kila asubuhi, mtuhumiwa ni betri yenyewe au alamu uliyofungiwa na fundi wa redio.

Kwa betri zenye vifuniko vya kufungua, angalia maji. Yakishuka chini ya mabamba, ongeza maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa petroli stesheni kwa kazi hiyo. Usiongeze tindikali, kwa sababu iliyopungua ni maji. Tindikali bado imo. Na maji ya kunywa ya chupa, hata yawe ya gharama gani, yana chumvi ambazo mabamba hayazitaki.

Betri inayobustiwa mara ya pili ndani ya wiki, altaneta ikiwa nzima na hakuna taa iliyosahauliwa, imemaliza safari. Ukienda dukani, linganisha herufi pamoja na ukubwa: NS60 na NS60L zina taminali pande tofauti, na ukichukua isiyo yako utashawishika kuvuta waya hadi zifike, au kuzigeuza.

Na ile ya zamani usiimwage wala usimwachie mtu anayekusanya skrepa mtaani akaivunjie uani kwake. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo kabla ya kugeuka na kukipinga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi iliyo ndani ya betri yako ni ileile. Wauza betri wengi wanaipokea ya zamani na kukupunguzia bei ya mpya, kwa hiyo ipeleke ikiwa nzima, imesimama wima, na maji yake yakiwa ndani.